Ukikagua nyumba ya wazee, anza na visigino

Kwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na familia za Mombasa na Pwani kwa jumla, ambazo zimempeleka mzazi katika nyumba ya kutunzia wazee au zinafikiria kumpeleka. Sisi ni wauguzi na wahudumu ambao kazi yetu ni wazee. Familia nyingi zikienda kukagua nyumba hizi huangalia lango, vigae, bustani na rangi ya ukuta, kisha hulipa. Yanayoamua kama mzee ataishi vizuri au atateseka hayako huko. Kuna nyumba zenye sakafu ya saruji iliyopasuka ambako wazee wamenawiri, na kuna nyumba zenye marumaru ambako wazee wanaoza mgongo.

Kinachowazuia wengi kuangalia ni aibu. Kwetu hapa mtu akimpeleka mamake nyumba ya wazee, mtaa mzima husema amemtupa, hata kama mama amepooza upande mmoja na watoto wote wako makazini au ng'ambo. Mwenye aibu haulizi maswali. Huenda Jumapili mchana, akakaa sebuleni nusu saa, mzee akaletwa amevalishwa leso safi, wakapeana mikono, akaondoka. Nyumba mbaya hustawi kwa aibu hiyo. Kuuliza ni haki. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kutosha kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Aliyekupokea nyumbani kwake ukamlipa akuonyeshe kazi yake.

Anzeni na ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata kidonda cha kulalia pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: kwenye kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogoni. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu, nyama ikakosa hewa na kufa. Kwa mzee aliyekonda uharibifu unaweza kuanza ndani ya saa chache. Jasho na mkojo huuharakisha, na joto letu la Februari na Machi, pamoja na nepi yenye nailoni, halisaidii. Ndiyo sababu mazoea ya wauguzi ni kumgeuza aliyelala kila baada ya saa mbili, na aliyeketi kumwinua au kumhamisha uzito kila saa moja.

Ombeni kuwepo mzee anapoogeshwa, binti kwa mamake na mwana kwa babake, mzee mwenyewe akikubali. Vueni soksi. Mkiona mahali palipobadilika rangi, bonyezeni kwa kidole, hesabuni hadi tatu, mwachie. Ngozi yenye afya hufifia kisha rangi yake ikarudi. Isipofifia, uharibifu umeshaanza. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo gusa kwa kiganja na ulinganishe na ngozi ya pembeni: kama pana joto zaidi au ubaridi, kama pamekuwa pagumu au pamelegea, kama rangi imeelekea zambarau. Hiyo ni daraja la kwanza, na uzito ukiondolewa pale hupona. Daraja la pili ngozi imechubuka au imefanya lengelenge. La tatu ni shimo lililofika kwenye mafuta, na la nne limefika kwenye msuli au mfupa. Kidonda kilichofika mfupa, kwa kawaida, kimepitiwa na watu wengi waliokiona wakanyamaza.

Hata hivyo msikimbilie kulaumu. Wapo wazee wanaotoka hospitali wakiwa na kidonda tayari. Ulizeni kilianzia wapi na lini, na muonyeshwe vipimo vya kila wiki: urefu, upana na kina kwa sentimita. Nyumba inayopima kidonda kwa rula inajua kama kinapona au kinakula. Nyumba inayosema tu "tunakiosha" haijui.

Yapo makosa mawili yanayofanywa kwa nia njema. La kwanza ni kumkalisha mzee juu ya pete ya sponji au mpira wa duara ili kidonda kisiguse. Ile pete hubana damu kuzunguka kidonda chenyewe na kukizidisha. La pili ni kusugua kwa mafuta mahali palipoanza kubadilika rangi. Nyama ya pale imeshaumia, ukiisugua unaichana. Kwa visigino dawa ni mto chini ya mashavu ya miguu, kuanzia chini ya goti, visigino vikaachwa vikining'inia hewani. Ukiingia chumbani ukakuta mito yote iko chini ya kichwa na visigino vimekandamizwa kwenye godoro, umeshajua kitu. Godoro nalo lipime: pitisha mkono chini yake, kiganja juu, pale ambapo nyonga ya mzee imelala. Ukihisi mfupa, godoro hilo limekwisha.

Baada ya mwili, ombeni daftari. Nyumba yoyote inayotunza mtu wa kitandani inapaswa kuwa na karatasi ya kumgeuza, yenye saa, upande aliolazwa na sahihi ya aliyemgeuza. Soma usiku wa jana: saa mbili usiku ubavu wa kulia, saa nne chali, saa sita ubavu wa kushoto, na kuendelea. Sasa angalia mwandiko. Kama safu nzima ya usiku imeandikwa kwa kalamu moja, kwa mkono mmoja, herufi zimelingana kama zimepigwa chapa, basi huenda imejazwa kwa mkupuo asubuhi kabla ya kubadilishana zamu. Jaribio lingine ni kufika saa tisa alasiri. Karatasi ikisema alilazwa ubavu wa kushoto saa nane, nawe unamkuta chali na shuka halina mkunjo, muulize mhudumu kwa upole. Wengine hujaza hata saa ambazo bado hazijafika.

Karatasi ya pili ya kuomba ni ya uzito. Mzee apimwe mara moja kwa mwezi, mzani uleule, nguo za uzito uleule. Akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi bila kukusudia, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, ni jambo la kumwita daktari. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 au kilo 6. Asiyeweza kusimama apimwe mzingo wa mkono juu ya kiwiko kwa futi ya utepe, mkono uleule kila mwezi. Nyumba isiyo na mzani wala futi haiwezi kukwambia mzee wako anakula.

Na kula kwenyewe, nendeni mkakuone kwa macho. Saa sita na nusu au saa saba mchana ndio wakati mzuri wa kufika, bila kupiga simu. Mzee aketi wima kabisa, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula, ili chakula kisirudi juu na kuteremkia mapafuni. Mhudumu aketi, macho yake yawe sawa na ya mzee. Anayelisha akiwa amesimama humfanya mzee ainue kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa hufunguka kwa chakula. Kijiko kiwe kidogo, asubiri ameze. Kama mzee anakohoa kila tonge au sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, hiyo ni dalili kwamba chakula kinapotea njia. Hutokea sana baada ya kiharusi, na matokeo yake ni homa ya mapafu. Mhudumu mmoja akiwalisha wazee wanne kwa zamu ya kijiko, wa nne anakula chakula kilichopoa na kidogo.

Kuna vyakula vyetu vinavyofaa bila gharama kubwa: bokoboko lililosagika vizuri, uji wa wimbi wenye maziwa, samaki aliyetolewa miiba yote na kupondwa ndani ya mchuzi wa nazi, mayai. Wali mkavu na chapati ya jana kwa mtu asiye na meno ni kumnyima. Meno ya bandia yaoshwe kila siku na yawe na jina lake. Yakichanganywa, kila mtu anapata yasiyomkaa, na wote huacha kula. Fungueni kinywa mtazame ulimi. Ulimi uliokauka na kupasuka unasema habari za maji kuliko jikoni.

Maji ni jambo zito kwa mji kama huu. Mzee hupungukiwa na hamu ya maji kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo kungoja aombe ni kumkausha. Isipokuwa daktari amemzuia kwa sababu ya moyo au figo, lita moja na nusu kwa siku, yaani glasi sita za mililita 250, ni kiwango cha chini cha busara, na wakati wa kaskazi apewe zaidi. Ulizeni maji ya kunywa yanatoka wapi. Visima vingi vya Mombasa ni vya chumvi, na maji ya mfereji hukatika. Mzee akipewa chai ya maji ya kisima hunywa funda mbili akaacha, na chumvi hiyo haimfai mwenye presha. Kisha tazameni glasi imewekwa wapi. Tumeona mara nyingi mzee aliyepooza mkono wa kulia, glasi na kengele vimewekwa kulia kwake. Jioni glasi bado imejaa, na daftari limeandikwa "alipewa maji".

Ukosefu wa maji na uchafuzi wa njia ya mkojo kwa mzee hauji kila mara na homa au maumivu. Mara nyingi huja na kuchanganyikiwa kwa ghafla: jana alikuwa anakutambua, leo anaongea na watu wasiokuwepo. Nyumba nzuri itapima mkojo, damu na sukari. Nyumba mbaya itampa dawa ya usingizi. Kwa mwenye mpira wa mkojo, mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, wala usilazwe juu ya kitanda anaposogezwa.

Hapo tumefika kwenye dawa, na hapa tunaomba msikubali majibu ya juu juu. Ukifika saa nne asubuhi ukakuta chumba kizima kimelala vinywa wazi, uliza kila mmoja anakunywa nini. Diazepamu, haloperidoli na promethazini humtuliza mzee, na humwangusha pia, humzuia kula na humlaza upande mmoja mpaka akapata kidonda. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa mpya za wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 ikapanua onyo hilo kwa dawa za zamani za kundi hilo. Wakati mwingine zinahitajika kweli. Lakini ni lazima pawe na jina la daktari aliyeziandika, sababu, na tarehe ya kuziangalia upya. Kumfunga mzee kitandani kwa leso au kamba ili asianguke ni dhuluma ileile kwa njia nyingine.

Kwa wenye kisukari, angalieni jokofu. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe, maana nyingi hazifai kupita siku 28. Umeme ukipotea usiku kucha, jokofu linategemea nini? Glibenklamidi kwa mzee ni ya kutiliwa shaka, kwa sababu huteremsha sukari kwa muda mrefu, na asipokula vizuri anaweza kuzimia usingizini. Ramadhani, kwa mzee anayesisitiza kufunga, mpango wa dawa ubadilishwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Diklofenaki ya kila siku kwa maumivu ya magoti huharibu figo, huchubua tumbo na kupandisha presha. Karatasi ya dawa itiwe sahihi dawa inapomezwa, si mwisho wa zamu.

Vyandarua viwe vizima, na viteremshwe hata mchana kwa mzee wa kitandani. Mji huu umepata milipuko ya dengi na chikungunya, na mbu wanaoeneza magonjwa hayo huuma mchana. Huzaana kwenye matangi na mitungi ya maji isiyofunikwa. Homa ikija, apewe parasetamoli tu mpaka ijulikane ni nini, kwa sababu aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mwenye dengi.

Usiku ndio mtihani wa nyumba yoyote. Ulizeni wangapi wako macho kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na kama miongoni mwao yuko muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi ambayo tarehe yake haijapita. Kisha fanyeni hesabu. Kumgeuza mzee na kumbadilisha nepi huwachukua watu wawili kama dakika 10. Wazee 12 wa kitandani ni dakika 120, yaani saa mbili kamili. Wahudumu wawili wanamaliza mzunguko mmoja na wa pili unaanza papo hapo, bila kunywa maji, bila kumpeleka mtu msalani, bila kuitikia kengele hata moja. Ukiambiwa wawili wanatosha kwa wazee 20, jibu umelipata. Bonyeza kengele mwenyewe uangalie saa. Uliza pia ufunguo wa mlango na wa madirisha ya vyuma hukaa wapi, na nani anao saa nane ya usiku moto ukiwaka. Kama nyumba iko ng'ambo ya kivuko cha Likoni, gari la wagonjwa litapitaje usiku kufika hospitali kisiwani? Kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa ya kuiyeyusha ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na saa hizo zinaliwa na foleni.

Kuanguka kusihesabiwe peke yake. Nyumba inayosema haijawahi kuangusha mzee aidha haiandiki, au imewafunga na kuwalaza kwa dawa. Mzee anayetembea ataanguka siku moja. Jambo la kuuliza ni walibadilisha nini baada ya hapo: taa ya njia ya choo, vyuma vya kushikia, viatu vinavyoshika mguu vizuri badala ya ndara zilizolegea, dawa ya presha iliyopunguzwa.

Mengine ni mafupi. Harufu ya mkojo ya dakika kumi ni kawaida, ya siku nzima si kawaida, na udi au dawa ya sakafu iliyozidi inaficha kitu. Sikilizeni wahudumu wanavyomwita: mzee, bibi, mama fulani, au "wewe" tu. Ulizeni kama husaidiwa kutawadha na kuelekezwa kibla, au kupelekwa kanisani. Mkataba useme ada inajumuisha nini kati ya nepi, dawa, gari na daktari. Na kwa wale wa miaka 70 na zaidi walio kwenye Inua Jamii, mpango wa fedha wa Serikali kwa wazee, ile Sh2,000 ya mwezi iko kwenye simu au kadi ya nani?

Mhariri, tumewaandikia jamaa, lakini mzigo wote haufai kuwa wao. Marekani, tangu 2008, serikali huchapisha alama za nyota moja hadi tano kwa kila nyumba ya wazee iliyo kwenye mpango wake wa bima, kwa kuangalia ukaguzi, idadi ya wahudumu na hali ya wazee wenyewe. Sehemu ya takwimu hizo huletwa na nyumba zenyewe, na huo ni udhaifu wake. Uingereza, kwenye sehemu yake ya England, nyumba hulazimika tangu 2015 kubandika matokeo ya ukaguzi mahali wageni wanapoyaona. Hapa kwetu hata hoteli zina nyota zake, ilhali familia inayotafuta nyumba ya mama haina pa kusoma chochote.

Tunaiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwa kushirikiana na idara ya serikali kuu inayoshughulikia wazee, itoe orodha ya nyumba zote zinazolaza wazee katika kaunti ndogo sita, ziwe za mashirika ya dini au za biashara. Wakaguzi wafike bila taarifa, na angalau mara moja kwa mwaka wafike usiku. Kila nyumba ibandike langoni, kila mwezi, hesabu sita: wazee wangapi wapo, wahudumu wangapi wa mchana na wangapi wa usiku, vidonda vya kulalia vilivyoanzia humo, walioanguka, waliopungua uzito kupita kiwango, na wanaopewa dawa za kutuliza. Karatasi moja inatosha, na hesabu hizo nyumba yenye madaftari inazo tayari.

Wauguzi na wahudumu wa wazee,
Mombasa